Alikuwa Akicheza

Jumamosi iliyopita kiwanda cha pamba cha Tarleton kilifungua uwanja wa michezo wa watoto. Kuna bembea sita, mteremko wa bati na shimo la mchanga mweupe ulioletwa kwa lori. Bwana Pruett mdogo, mtoto wa yule mwenye kiwanda wa zamani, alisimama juu ya jukwaa lililofungwa utepe akasema kwamba utoto ni kitu kitakatifu, na kwamba familia yake imewapenda watoto siku zote. Watu wakapiga makofi. Mwanamke aliyeketi karibu nami akaniuliza mbona mimi sipigi. Nikamwonyesha mkono wangu wa kulia, wenye vidole vitatu. Akaona haya, akaniomba radhi, akidhani namwambia kwamba siwezi.

Naweza. Sikutaka.

Siku zote! Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo kwa hasira mpaka nikavunja mabakuli mawili. Sasa nimeketi kuyaandika haya kwa mkono wa kushoto, maana watu wa rika la binti yangu wanadhani bembea zilikuwepo Carolina tangu Mungu alipoumba mito.

Jina langu ni Arvilla Ledbetter. Nyumbani waliniita Villa. Tuliteremka kutoka milimani mwaka wa 1909, baada ya baba kuangukiwa na gogo akafa kwenye kambi ya wakata miti. Tulikuwa watu watano: mama yangu Docia; bibi yangu Mahala, aliyemzaa mama; mjomba Ransom, mdogo wake mama, kijana ambaye hajaoa; mdogo wangu Etta, wa miaka minne; na mimi. Nilikuwa na miaka minane.

Mtu asije akadhani kule milimani nililelewa kama yai. Nililima mahindi, niliokota mayai, nilimtafuta ng'ombe aliyepotea mpaka miguu ikatoka damu kwa miiba. Bibi Mahala alikuwa na msemo wake: "Mtoto ni mikono." Kwake yeye mtu alikuwa kwanza mtoto wa kubebwa, kisha, siku aliyoweza kushika kikapu bila kukiangusha, akawa mikono. Kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Hatukuwa na jina la kitu hicho, na hatukukikosa.

Nyumba za kijiji cha kiwanda zilikuwa mali ya kiwanda, na sharti lake lilikuwa moja: chumba kimoja, mfanyakazi mmoja. Tulifika siku ya mvua, vitu vyetu viko juu ya gari la nyumbu. Aliyetupokea ni nyapara wa chumba cha kusokota nyuzi, Hoke Starnes, mtu mwembamba mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta. Alisimama barazani pakavu. Sisi tulisimama uani.

"Nyumba hii ina vyumba vitatu," akasema. "Wewe mama, na kaka yako. Wa tatu yuko wapi?"

"Mama yangu miguu imevimba. Hawezi kusimama kutwa."

"Mimi nimeulizia bibi kizee?" Akanitazama kuanzia kichwani. "Huyu je?"

"Huyu ana miaka minane."

"Usiniambie hivyo. Sheria inasema kumi na miwili, na mimi ni mtu wa sheria." Alicheka kidogo, akatoa karatasi ya kiapo kwenye koti. "Haya, tuanze tena. Huyu ana miaka mingapi?"

Mama aligeuka akatazama vitu vyetu. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye gari.

"Nakuuliza, mama. Godoro lenu linalowa."

"Kumi na miwili," mama akasema.

Starnes akaandika. Mama hakujua kusoma. Akapewa kalamu akatia alama ya msalaba pale alipoonyeshwa kwa kidole.

"Mfupi kwa umri wake," Starnes akasema, akiikunja karatasi. "Itabidi asimame juu ya sanduku."

Mama alisema uongo. Nataka hilo lijulikane mapema, maana baadaye watu walilirudia mpaka likawa ndilo jambo pekee lililotokea.

Kazi yangu ilikuwa kutembea kati ya safu mbili za mashine, kutazama nyuzi, na kila uzi unapokatika kuuunga upesi kabla bobini, kile kijiti kinachokusanya uzi, haijazunguka bure. Saa kumi na moja kwa siku, na Jumamosi nusu. Chumba kilijaa vumbi la pamba, jeupe, kama theluji isiyoyeyuka. Tulilipumua, tulilila pamoja na mkate wa mahindi, tukarudi nyumbani nalo nywelini, na watu wa mjini wakatuita "vichwa vya pamba" tukipita. Na bado, nitasema ukweli wote: mwezi wa kwanza nilijivuna. Bibi Mahala aliniwekea kipande kikubwa cha nyama ya nguruwe sahanini, sawa na cha mjomba Ransom.

"Anayefanya kazi anakula," bibi alisema.

"Mama, huyu anasinzia na kijiko mdomoni," mama akamwambia.

"Na wewe ulisinzia. Nikakuamsha. Umekufa? Samaki mkunje angali mbichi, Docia."

"Mimi nilisinzia shambani, mama, na wewe ulikuwa hatua kumi kutoka nilipo."

"Basi wewe uko wapi? Si uko kiwanda kilekile?"

"Niko ghorofa ya pili, kwenye mitambo ya kufuma. Akilia simsikii. Hata yeye mwenyewe hajisikii."

Bibi akaniongezea nyama, kwa namna ya mtu ambaye hajashindwa.

Mara moja mwaka ule alikuja mkaguzi. Tulijua kabla hajashuka kwenye treni, kwa kuwa Starnes alipita akipiga filimbi na kutusukuma, sisi wadogo kumi na mmoja, ndani ya mapipa makubwa ya pamba chafu. Tulifunikwa. Tukaambiwa atakayekohoa baba yake atafukuzwa. Msichana mmoja alinikanyaga, nikamfinya, akanifinya, tukaanza kucheka huku tumezibana pua. Kwa miezi yote niliyokaa mle ndani, huo ndio mchezo pekee niliocheza, na aliyeuanzisha ni nyapara.

Mwezi wangu wa tatu kazini, siku ya Alhamisi, baada ya mapumziko ya chakula, Starnes aliniambia nisafishe vumbi chini ya mashine ya nne. Safu zilisafishwa hivyo siku zote, mashine ikiwa inazunguka, maana kuisimamisha ni kupoteza nyuzi. Wakubwa hawakuweza kuingia pale chini. Mikono midogo iliweza. Nilikuwa na brashi. Brashi ikanaswa na magurudumu yenye meno, na mkono wangu ukaifuata.

Sikumbuki maumivu. Nakumbuka mwanamke mmoja, Bi Nolie Teague, akiruka kwenda kuvuta mkanda wa mashine, na kelele zikapungua upande ule, na Starnes anakuja mbio na neno lake la kwanza likiwa:

"Nani kasimamisha mashine?"

Hilo ndilo alilosema. Nimelala na sentensi hiyo karibu miaka thelathini.

Mama aliitwa, akateremka ngazi na manyoya ya pamba nyusini. Hakupiga yowe. Alivua aproni yake akanifunga mkono, akaninyanyua kama mtoto wa kubebwa, akapita mbele ya Starnes. Alipofika mlangoni aliukuta umefungwa, kama ulivyofungwa kila siku mpaka kengele ya jioni.

"Fungua."

"Saa bado, mama. Ngoja nimtafute mwenye ufun..."

"Starnes, fungua mlango huu au nitaufungua kwa kichwa chako."

Akaufungua.

Daktari wa kiwanda alikata alichokata, akashona. Nilikaa nyumbani siku tisa. Siku ya kumi alikuja karani wa ofisi, amevaa kofia ya majani, mtu mpole. Alimwamkia bibi, akasifu maua ya barazani, akatoa karatasi.

"Ni utaratibu tu, mama. Weka alama yako hapa, basi, mambo yaishe kwa amani."

Mama alikuwa amejifunza. "Nisomee kwanza."

"Ni maneno ya kisheria tu..."

"Nisomee."

Akasoma, haraka haraka, kama anayesoma sala asiyoiamini. Karatasi ilisema kwamba Arvilla Ledbetter, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anayejua vyema hatari za mashine, aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, kwa sababu alikuwa akicheza.

"Rudia hilo la mwisho," mama akasema.

"Alikuwa akicheza."

Nilikuwa kitandani, mlango uko wazi. Nilimwona mama akiinuka taratibu. Aliichukua karatasi kutoka mkononi mwa karani, akaenda nayo jikoni, akafungua mlango wa jiko la kuni, akaitia. Kisha akarudi akasimama mbele ya yule mtu mpole.

"Mwambie Pruett," akasema, "kwamba mtoto wangu hajacheza tangu tushuke mlimani. Mwambie, laiti angekuwa amecheza! Sasa toka, na usiyaguse maua ya mama yangu."

Makao ya wilaya yalikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mama alikwenda Jumapili ya kwanza baada ya hapo, badala ya kanisani, akagonga nyumbani kwa wakili ambaye watu walimwambia hapokei kazi za kiwanda. Aliitwa Gaither, kijana wa viwiko vilivyotiwa viraka. Jumapili iliyofuata alikuja kwetu mwenyewe, akaketi kwenye meza yetu ya chakula, akatueleza. Nilikuwa pale. Hakuna aliyefikiria kunitoa.

"Kila kitu kinasimama juu ya umri," Gaither akasema. "Sheria inakataza kiwanda kuajiri mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Kama alikuwa na minane, kosa ni lao. Kama alikuwa na kumi na miwili, mahakama itasema alijua alichokuwa akifanya, na watasema alikuwa akicheza."

"Ana minane," mama akasema. "Anaelekea tisa. Baba yake aliandika kwenye Biblia."

"Na wewe ulitia alama kwenye karatasi."

"Nilitia."

"Mama, sheria hiyohiyo inasema mzazi akidanganya umri ametenda kosa. Ukisimama kusema ana minane, unasimama kukiri. Wanaweza kukufunga."

Mjomba Ransom aligonga meza. "Basi yameisha! Docia, unasikia? Tutafukuzwa nyumba, mimi nitafukuzwa kazi, wewe utafungwa, na vidole havitaota."

"Nimesikia."

"Sasa unataka nini? Kisasi?"

"Ndiyo," mama akasema. "Hujui hilo neno? Nataka mtu mmoja, mmoja tu, aliyevaa tai, asimame mbele ya watu aseme mtoto huyu alikuwa mtoto."

Bibi Mahala alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho. "Biblia ya nyumba hii haiendi kupekuliwa na mawakili," akasema. "Kuna majina ya maiti zangu mle. Na mimi sioni kwa nini kazi iwe aibu. Nilifanya kazi nikiwa na miaka sita. Nikaajiriwa kwa jirani nikiwa na tisa. Nani aliniita mtoto? Hakuna. Na nimeishi."

"Umeishi, mama," mama akasema. "Hongera."

Mama na bibi walikaa siku nne bila kusemezana. Watu wawili kwenye jiko moja, wakipeana chumvi kupitia kwangu.

Gaither akafungua kesi. Wakili wa kiwanda aliitwa Odom. Alikuwa mwerevu. Alipata habari za bibi, akaja akaketi naye barazani saa nzima, akamwuliza habari za zamani, za milimani, za watoto kumi na mmoja aliowazaa na kuwafunza kazi. Bibi alizungumza vizuri siku ile; hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza habari hizo kwa miaka. Odom alipoondoka alikuwa amepata shahidi. Bibi yangu aliitwa mahakamani kuwatetea walionikata vidole, na alivaa kofia yake nyeusi ya mazishi akaenda.

Mama alisimama kwanza. Odom alimuuliza swali moja mara tatu, kwa sauti ya upole, akizunguka.

"Bi Ledbetter, ulisema uongo wakati ule, au unasema uongo sasa?"

"Wakati ule."

"Uliapa, ukadanganya?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe ni mwongo."

"Nilikuwa mwongo siku moja, mvua ikinyesha. Mwongo mwenzangu aliyeshika kalamu amekaa pale nyuma, masharubu yanang'aa. Muulize na yeye."

Watu wakacheka. Jaji aligonga meza. Alikuwa mzee mwenye mashavu mekundu, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Ndilo linaloniudhi zaidi. Alimwinamia mama akasema, kama baba anayemsahihisha binti: "Mama, mimi mwenyewe nilishika jembe la baba yangu nikiwa na miaka saba. Kazi haijamuua mtoto yeyote wa jimbo hili. Imewafanya kuwa watu."

"Baba yako alikufungia mlango kwa ufunguo, mheshimiwa?" mama akauliza.

"Hujaulizwa, mama."

"Ulipolia, alisimama wapi?"

Alimwamuru aketi. Akaketi, ameinamisha kichwa, na mimi nikadhani analia. Hakuwa analia. Niliushika mkono wake, ulikuwa moto kama pasi.

Kisha akaitwa Bibi Mahala.

Odom alimpokea kama malkia. Akamwuliza alianza kazi lini. Sita, bibi akasema. Watoto wake walianza lini? Mara tu walipoweza. Aliwahi kuona mtoto akiharibika kwa kufanya kazi? Hapana. Je, yeye, mwenye umri na hekima, anaamini mtoto ni nini?

"Mtoto ni mikono," bibi akasema.

Odom alitabasamu kuwageukia wanaume kumi na wawili wa baraza, wale ambao wangeamua. "Asante, bibi. Nimemaliza."

"Mimi sijamaliza," bibi akasema.

"Bibi, maswali yangu..."

"Ulipokuwa barazani kwangu ulikunywa maziwa yangu ukaniacha niseme. Sasa nasema. Mtoto ni mikono, ndiyo. Mikono yangu. Ya nyumba yangu. Nilimkopesha nani? Watoto wangu walipochoka walilala mwisho wa tuta, nikawafunika shali, na kazi ikasubiri. Ikanyesha, tukaingia ndani. Shoka likawa kali mno, nikalichukua mimi. Sikumtuma mtoto mahali nisipoingia mwenyewe." Akaisukuma kofia yake nyuma. "Nimesikia hapa leo kwamba mashine haikusimamishwa. Mimi niliachia nyumbu wakakanyaga mahindi yangu yote, mwaka wa njaa, kwa sababu mtoto wangu alianguka mbele ya jembe. Nyinyi mlikuwa na haraka gani?"

"Mheshimiwa jaji, naomba shahidi..."

"Na miaka yake ni minane! Nilimpokea mimi, kwa mikono hii, wiki ambayo miti ya porini ilikuwa inachanua, na theluji ikaanguka juu ya maua, mkunga hakuweza kufika. Minane! Nimeuficha ukweli huo kwa ajili ya nyumba ya vyumba vitatu, na Mungu atanihoji."

Miongoni mwa wale kumi na wawili alikuwamo mkulima mmoja wa tumbaku, mtu mzima, shingo imekunjamana kwa jua. Alilia waziwazi. Nilimwona akijifuta kwa kofia yake. Nikajua tumeshinda.

Walitoka wakaenda kushauriana. Hawakukaa hata muda wa kula chakula cha mchana. Waliporudi, mkubwa wao alisoma kwamba kiwanda hakina hatia, kwa kuwa kiliamini kiapo cha mzazi. Kwamba aliyemtia mtoto hatarini ni mama yake. Wote kumi na wawili walikubaliana. Yule wa tumbaku pia. Alikuwa bado na macho mekundu, na alikuwa amekubali. Mpaka leo sijui nimfanyie nini mtu kama huyo moyoni mwangu. Pruett nilimchukia nikapumzika. Huyu hanipi mapumziko.

Wiki mbili baadaye wakamshtaki mama kwa kudanganya umri. Siku thelathini katika gereza la wilaya. Katika kisa chote hiki, tangu godoro mpaka magurudumu, mtu aliyeadhibiwa ni mmoja, naye ni huyo. Starnes alipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Nyumba tulinyang'anywa siku hiyohiyo ya hukumu ya kwanza. Vitu vilikuwa nje tulipofika. Etta alikuwa ameketi juu ya jiko. Mjomba Ransom hakumlaumu mama hata kwa neno, nitamsifu kwa hilo. Alituhamishia kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mjane mmoja kule makao ya wilaya, kisha akarudi kukata miti. Bibi Mahala, kwa miguu yake ile iliyovimba, alikwenda gerezani kila siku na bakuli la maharagwe chini ya shali. Sikusikia walichozungumza. Najua tu kwamba mama alipotoka waliingia nyumbani wamekamatana mikono, na bibi akamwekea kiti karibu na moto kabla ya kujiwekea chake.

Mama akawa dobi. Aliosha nguo za nusu ya mji, pamoja na mashati ya jaji. Aliniambia aliyaosha vizuri kuliko mengine yote, ili asipate neno la kusema. Mimi nisingeweza. Ningeyaunguza.

Wakala mmoja wa kiwanda cha mji mwingine alikuja kututembelea masika ile, mtu wa maneno matamu, akamtazama Etta aliyekuwa akipanga vibanio vya nguo, akasema ana vidole vyepesi. Mama alikuwa amesimama kando ya sufuria la maji ya magadi yanayochemka. Alichota kopo zima. Yule bwana alikimbia akaacha kofia yake. Tulimvalisha kofia hiyo mbuzi wa jirani yetu.

Niliandikishwa shule nikiwa na miaka tisa, nikawekwa benchi moja na watoto wa miaka mitano. Kusoma hakukunisumbua, nilikuwa nimezoea kutazama mistari mirefu bila kupepesa. Kilichonishinda ni mapumziko. Kengele ililia, wote wakatoka mbio, uwanja ukajaa kelele, nami nikasimama ukutani nikingojea kuambiwa la kufanya. Hakuna aliyeniambia. Nikaona fagio. Nikaanza kufagia ngazi.

Mwalimu, Bi Kimball, akatoka. "Villa, acha hiyo. Nenda kacheze."

"Nicheze nini?"

"Chochote."

"Mpaka saa ngapi?"

Watoto waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Msichana mmoja, Lorene, binti wa mwenye duka la dawa, akasema kwa sauti, "Huyo ndiye yule aliyekatwa vidole kwa kucheza. Sasa anaogopa!"

Nilimpiga kwa fagio. Nilimpiga mgongoni, na alipoinama nikampiga tena, na walipokuja kunitoa nilikuwa bado nampiga. Sikuwa nampiga yeye peke yake, lakini mgongo uliokuwepo ulikuwa wake.

Mama aliitwa. Alikuja na mikono imekunjamana kwa maji, akasimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Alianza nani?" akauliza.

"Si suala la nani alianza, Bi Ledbetter. Lorene ataadhibiwa kwa ulimi wake. Tatizo ni mtoto wako." Bi Kimball alitafuta maneno. "Hajui kucheza. Sijawahi kuona. Anasimama tu."

Nilitegemea mama awake. Nilikuwa nimekwisha kujikaza tayari kwa moto wake. Lakini alinitazama mimi, akatazama dirishani ambako watoto walikuwa wakifukuzana.

"Hata mimi sijui," akasema. "Na mama yangu hajui. Hatuna wa kumfundisha nyumbani. Ndiyo maana nimemleta kwenu."

Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani nilimwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia, "Ungemwambia Starnes minane." Alisimama. Nilidhani atanizaba kofi. Alisema, "Ndiyo. Ningemwambia," kisha akaendelea kutembea, na mimi nikamfuata. Hatukulizungumza tena, si mwaka ule wala mwingine, na sikuwahi kumsamehe kabisa, wala sikuwahi kuacha kuwa upande wake. Asiyeelewa hilo hana mama.

Kule shuleni wasichana walikuwa na kamba ndefu ya kuruka. Walihitaji wa kuizungusha, na hakuna aliyependa, kwa sababu anayezungusha haruki. Mimi nikaichukua kwa mkono wa kushoto. Hiyo niliielewa: kitu kinazunguka, unakitazama, hukikosei. Nilizungusha wiki nne, tano, bila kukosa mara moja, wakaanza kunigombania. Lorene mwenyewe alinitaka upande wake.

Siku moja akaninyang'anya ncha ya kamba. "Wewe ingia," akasema. "Umetuchosha na uso wako huo wa nyapara."

"Sitaki."

"Ingia, kichwa cha pamba we!"

Mtu akanisukuma. Kamba ilinichapa sikioni, nikaruka nikiwa nimechelewa, ikaninasa miguuni, nikaanguka magoti yote mawili. Nikainuka nimekasirika hata sioni.

"Tena!" nikapiga kelele. "Sikuwa tayari! Rudieni!"

Wakaniambia zamu yangu imekwisha, niende mwisho wa mstari. Nikaenda, magoti yanatoka vumbi na damu, nimenuna, nikihesabu vichwa vilivyokuwa mbele yangu.